Ng'ombe Wazee wa Kiwanja cha Ndege

Sijawahi kupanda ndege. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wakisikia kwamba ujanani nilishughulika na bima ya ndege, huniuliza kule juu kukoje, nami hulazimika kuwaambia sijui. Ninachokijua ni kule chini. Ndege hukaa chini muda mrefu kuliko inavyokaa angani, na matatizo yake mengi, kama ya binadamu, huikuta ikiwa imekaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa mpya. Nilikuwa karani katika shamba la ngano upande wa Mbulumbulu, juu ya Karatu. Nilikuwa nimesoma sekondari, na kwetu kijana aliyefika huko alitegemewa aende mbali: Arusha, Moshi, Dar es Salaam, arudi Krismasi na viatu. Mimi mbali yangu ilikuwa bweni la shule. Nilikonda, nikarudi, nikaapa. Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki, na nyumba yake ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka shambani. Kitanda changu kilikuwa humo. Sikuona sababu ya kutenganishwa nacho.

Barua za shamba zilishushwa na basi katika duka moja pale Karatu, na mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyehamia kutoka Kondoa, alizitoa moja moja pamoja na maoni yake.

"Karani, wewe utazikwa hujauona Mto wa Mbu," aliniambia siku moja. Mto wa Mbu uko hapo tu, ukiteremka ukingo wa bonde.

"Nimeshauona, mzee."

"Kwa miguu ipi?"

"Kutoka juu. Nilisimama ukingoni."

"Basi umeuona kama Mola anavyouona. Sisi wengine huteremka."

Bwana mwenye shamba alikuwa Mzungu lakini si Mwingereza. Kiingereza chake kilitosha kununua trekta, hakikutosha kusoma masharti yaliyokuja na trekta. Pamoja tulizungumza Kiswahili, chake kikiwa na vitenzi vichache vilivyofanya kazi nyingi. Jirani yake mmoja aliyeuogopa uhuru alifunga virago, akamwuzia ndege yake ndogo ya viti vinne, yenye pangaboi moja puani. Bwana aliipenda kuliko nilivyowahi kumwona akipenda kitu. Aliijengea kibanda cha mabati kisicho na kuta, mahali ambapo angeweza kuiona akiwa amekaa barazani, na kuizunguka tukaweka miiba kama ya zizi, kwa sababu fisi wa kwetu walikuwa wamegundua kwamba tairi la ndege ni laini kuliko la lori.

Kiwanja chenyewe kilikuwa ukanda wa nyasi kati ya mashamba mawili ya ngano. Hakikufyekwa na mtu. Kulikuwa na mapatano: majirani walileta ng'ombe wao mara mbili kwa wiki, nyasi zikabaki fupi, ng'ombe wakashiba, na siku ya ndege kuruka waliwaondoa. Hakuna aliyeyaandika mapatano hayo. Yalifanya kazi vizuri mpaka nilipoleta maandishi.

Bima aliyoirithi Bwana pamoja na ndege ilikuwa inakaribia kwisha. Wakala wa Arusha akaleta hati mbili za makampuni mawili tofauti. Bwana alizitua mezani kwangu kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Karani, soma. Sema ipi mzuri."

"Kwa Kiswahili, Bwana?"

"Kwa kweli."

Nikasoma siku tatu. Kampuni ya kwanza ilitaka malipo madogo. Iliilinda ndege ikiwa angani na ikiwa chini, dhidi ya moto, dhoruba, wizi na rubani mwenyewe. Ndege ikiharibika, mwenyewe angebeba sehemu ndogo sana ya hasara na kampuni ibebe iliyobaki. Ya pili ilitaka malipo makubwa zaidi, na ile sehemu ya mwenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba fisi angeweza kula matairi yote matatu na kampuni isisikie. Hata mtu asiyesoma sekondari angejua ipi ni nzuri.

Lakini ya kwanza ilikuwa na sharti. Ndege ilale katika banda lenye kuta na mlango wa kufuli, kwenye kiwanja kilichosajiliwa na serikali. Na hapo hapo awekwe mtumishi wa mwenye ndege, ajuaye kusoma na kuandika Kiingereza, atunze daftari la safari zake. Kiwanja cha namna hiyo kilicho karibu kilikuwa Arusha. Mtumishi wa namna hiyo pale shambani alikuwa mmoja. Niliisoma sentensi ile mara tatu, na mara zote tatu ilinikodolea macho.

Ya pili iliiruhusu ndege ilale nyumbani, mradi mkaguzi wao aje akione kiwanja na kukikubali.

Nikachukua rula na wino. Nilichora safu mbili, kichwa cha kila moja nikakipigia mistari miwili, kazi safi ambayo mwalimu wangu wa hesabu angeitundika ukutani. Sikuandika uongo hata mmoja. Niliupanga tu ukweli, kama mama muuza nyanya anavyopanga fungu lake sokoni: zilizoiva mbele. Katika safu ya kwanza nilianza na gharama ya banda la Arusha, na petroli ya kuifuata ndege, na vumbi la njiani. Lile suala la malipo madogo nililiweka chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, karibu na doa la wino. Katika safu ya pili nilianza na maneno "karibu na mwenyewe". Penye swali la wizi niliandika kwamba hakuna mtu wa Karatu ajuaye kuirusha, na mwizi wa kuisukuma kwa mkono angeonekana.

Kuhusu mtumishi wa kuhamia Arusha sikuandika kitu. Sikumwambia Bwana, wala shangazi. Nilijiambia ni jambo dogo.

Bwana aliitazama karatasi yangu muda mrefu. "Hii ya kulala Arusha, ni ipi?"

"Ya kwanza, Bwana."

"Basi ya pili."

Nilitembea kwenda nyumbani jioni ile nikijiona wakili.

Kosa langu ni kwamba sikuishia hapo. Jumamosi nilishuka dukani kupeleka barua ya kumwita mkaguzi, na mwenye duka akataka kujua ndani mna nini. Nikamweleza bima.

"Ngoja," alisema, akiacha kupima sukari. "Unalipa kila mwaka kwa ajili ya jambo unaloomba lisitokee?"

"Ndiyo."

"Na lisipotokea, hurudishiwi?"

"Hurudishiwi."

"Na hao ndio wanaotucheka sisi kwa hirizi."

Dukani kulikuwa na watu watano au sita, wakanicheka mimi badala ya Wazungu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikaona niitetee elimu. Nikasema bima hii si ya ndege peke yake, kuna sehemu inawalinda watu wengine na mali zao. Ndege ikiangukia nyumba ya mtu, kampuni inalipa. Ikimgonga ng'ombe wa jirani, inalipa.

Kicheko kikakatika.

"Ng'ombe yeyote?" aliuliza mmoja aliyekuwa amekalia gunia la chumvi.

"Yeyote."

"Hata mzee?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Lakini karani asiyejua ni nani? "Haikuandikwa umri," nilisema.

Mwenye duka alirudia kupima sukari, na nadhani kila aliyenunua sukari wiki ile alipewa na habari hiyo kama nyongeza.

Ng'ombe walianza kuja Jumatatu. Mwanzoni sikushtuka, maana Jumatatu ilikuwa siku yao. Kisha nikawatazama. Hawakuwa wale wa kawaida. Walikuwa ng'ombe ambao nilidhani walikwisha kufa. Alikuwepo mmoja asiye na meno, amesimama mbele ya nyasi akiziangalia tu. Alikuwepo kipofu wa jicho moja, na mwingine ambaye mbavu zake ungeweza kuzifundishia hesabu. Jumanne walikuja, Jumatano wakaja. Mmasai mmoja alileta dume lake la pembe moja kutoka huko juu kwenye ukingo wa Ngorongoro, siku mbili njiani, na kwa jinsi lilivyokuwa likitembea nilistaajabu halikufia barabarani bure. Wenyewe walikaa pembeni chini ya mgunga, wakipiga soga, wakitazama juu kila sauti ya trekta iliposikika.

Nikawaendea mmoja mmoja. Niliwaeleza kwamba mkaguzi anakuja, kwamba akikuta ng'ombe kiwanjani atakikataa, na hapo hakutakuwa na bima wala malipo kwa yeyote. Wote walinikubalia kwa upole. Kwetu kukubali ni adabu. Kutenda ni jambo lingine, lina siku yake.

Bwana aliruka kwenda Arusha siku moja kabla, ili amlete mkaguzi mwenyewe kwa ndege. Asubuhi ya kurudi kwao kulikuwa na ukungu, ule wa Julai unaokaa juu ya ngano kama maziwa yaliyomwagika. Ulipoanza kuinuka yapata saa nne, nilikiona kiwanja. Ng'ombe ishirini na kitu. Na katikati kabisa, pale magurudumu yanapogusa, amelala ng'ombe mmoja mwekundu ninayemfahamu tangu utoto, maana maziwa yake ndiyo yaliyonikuza. Kando yake, amejifunika blanketi, ameketi shangazi yangu na kopo lake la ugoro.

Nikasikia ndege.

Niliwahi kukimbia shuleni, nikawa wa mwisho. Siku ile nilikimbia vizuri zaidi. Wale wa mgungani waliinuka kunishangilia.

"Kimbia, Karani! Kampuni hiyo inakuja!"

"Mwacheni, hajazoea, atakata roho hapo!"

"Akigongwa yeye si analipwa? Haikuandikwa umri!"

Ndege ilipita juu yetu, chini sana, ikageuza. Kelele yake iliwatimua ng'ombe wenye nguvu kidogo, na wenyewe wakaanza kuwasogeza waliobaki, polepole, kila mtu akitaka mwenzake atangulie. Nilipofika kwa shangazi kiwanja kilikuwa kimekaribia kuwa wazi. Amebaki yeye na wake.

"Shangazi, mtoe ng'ombe!"

"Karatasi yako si imesema analipwa?"

"Analipwa akigongwa!"

"Basi mwache agongwe. Mguu umekufa, maziwa hana, mchinjaji amemkataa. Kampuni imempenda, wewe unamfukuza."

Ndege ilipita mara ya pili. Niliona kichwa cha mkaguzi kikichungulia dirishani.

"Shangazi, wakikikataa kiwanja hiki, ndege itakwenda kukaa Arusha."

"Iende salama."

"Na mimi nitakwenda nayo."

Alinitazama. Alikuwa na namna ya kumtazama mtu kama anayekagua mbegu.

"Nani amesema?"

"Iko kwenye karatasi."

"Ile ile ya ng'ombe?"

"Nyingine."

"Una karatasi nyingi kwa mtu asiyetembea." Alifungua kopo, akachota ugoro, akavuta pua ya kulia, akavuta ya kushoto. Sikumharakisha. Aliyemharakisha shangazi akivuta ugoro hajapata kuonekana. Kisha akasimama, akaenda nyuma ya ng'ombe, akaushika mkia wake kwa mikono miwili.

"Inuka, mama," alimwambia, kwa sauti iliyofika mgungani. "Inuka tuondoke. Mtoto hataki kwenda mjini."

Ng'ombe aliinuka. Tulitoka kiwanjani watatu, yeye akichechemea, shangazi akimsukuma, mimi nikijifanya nakagua nyasi. Kicheko cha mgungani kilisikika mpaka injini ilipozimwa.

Mkaguzi alikuwa Mwingereza mwembamba wa kaptula na soksi ndefu. Alikipima kiwanja kwa hatua, akaikanyaga samadi mbichi, akanigeukia akasema kwa Kiingereza, "Wanyama huingia humu mara kwa mara?"

Bwana alinitazama. Nikaona niupange ukweli. "Hufyeka nyasi," nikasema.

"Leo wamekuja wangapi kufyeka?"

"Wengi kidogo."

"Na mbona wote vikongwe?"

Sikulitegemea swali hilo. Mtu wa ofisini hakutakiwa ajue umri wa ng'ombe. Baadaye nilisikia baba yake alikuwa mfugaji. Safu zangu mbili hazikuwa na mahali pa kuliweka jibu, basi nikamweleza yote kuanzia dukani: hirizi, gunia la chumvi, "haikuandikwa umri". Alisikiliza kwa uso mkavu, kisha akakaa kwenye gurudumu la ndege akacheka mpaka akavua miwani.

Alipomaliza aliniomba hati, akaifungua ukurasa wa nne, akaniwekea kidole. Iliandikwa pale, kwa herufi za kawaida kabisa, kwamba kampuni haitalipa mnyama wa mwenye ndege, wala wa watumishi wake, wala wa jamaa za watumishi hao kwa damu au kwa ndoa.

"Hukuufikia ukurasa huu?"

Nilikuwa nimeufikia. Ukweli ni kwamba niliisoma hati ile nzima nikitafuta neno moja tu, Arusha, na pale nisipoliona niligeuza ukurasa.

Sasa, shamba lile liliajiri watu wa kila kona wakati wa mavuno. Ukianza kuhesabu damu na ndoa kati ya Mbulumbulu na Karatu, hutabaki na jirani hata mmoja asiye jamaa ya mtumishi. Labda yule Mmasai wa dume la pembe moja. Naye ilikuja kujulikana binti yake ameolewa na mpishi wa Bwana.

Mkaguzi alitoa uamuzi wake akiwa amesimama. Atakikubali kiwanja iwapo kwa mwezi mzima hakitaonekana mnyama humo, na iwapo mtu ajuaye kusoma atakuwepo kila ndege inapotua, atie sahihi kwamba palikuwa wazi. Kisha, kazi ikiwa imekwisha, aliuliza kwa haya kidogo kama Ngorongoro ni mbali kwa ndege. Ndipo nilipoelewa kwa nini alikuja mwenyewe badala ya kumtuma msaidizi. Hati yake ilikataza kuruka chini ya ukingo wa kreta. Bwana alinisimulia kesho yake kwamba walipofika juu ya kreta, mkaguzi alimwomba ashuke, halafu ashuke tena kidogo, awaone vifaru.

"Njoo, Karani, kiti iko," Bwana aliniambia wakiwa wanaondoka.

Nikasema nina daftari la kuandika. Daftari lenyewe halikuwa limenunuliwa bado.

Mchana ule ule nilishuka dukani nikaisoma ibara ya ukurasa wa nne kwa sauti, kwa Kiswahili, mara mbili. Mwenye duka alitikisa kichwa. "Kwa hiyo inamlinda kila mtu isipokuwa watu."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee."

"Na wewe ndiye uliyesoma sekondari."

Kesho yake kiwanjani hapakuwa na kwato. Wala keshokutwa. Mwezi ukapita, bima ikakubaliwa, mimi nikabaki. Kilibaki wazi kiasi kwamba mvua za vuli ziliponyesha nyasi zilifika magotini, na ilinibidi nizunguke nyumba kwa nyumba kuwabembeleza majirani wawalete ng'ombe tena, wale vijana, kwa mapatano yale ya zamani. Walinikubalia kwa upole. Walikuja baada ya wiki tatu.

Siku moja nilimwuliza Bwana kwa nini aliichagua hati ya pili, maana malipo yake yalikuwa makubwa. Nilitaka kusikia habari za safu zangu.

Alinishangaa. "Ndege ikilala Arusha, mimi nafika kwenye ndege namna gani? Kwa lori?"

"Na ile karatasi yangu, Bwana?"

"Mzuri sana," alisema. "Mistari nyoofu kabisa."

Kumbe angeichagua hata ningemwandikia juu ya ganda la mahindi. Kitu pekee kilichokaribia kunipeleka Arusha kilikuwa mdomo wangu.

Ndege iliuzwa baada ya miaka michache, na Bwana naye akaondoka. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimetia sahihi kila ilipotua, na kila mara nilitembea kiwanja chote kwenda na kurudi kuhakikisha ni kitupu. Nimepiga mwendo mwingi katika maisha yangu, wote wa mahali pamoja.

Yule ng'ombe mwekundu alikufa mwenyewe kabla ya mwaka kwisha, nyuma ya nyumba, kwa uzee. Shangazi alikataa hadi mwisho wake kukubali kwamba alimwinua kwa ajili yangu. Alisema alimwonea huruma kwa kelele za ile mashine. Sikubishana naye. Mimi pia, mtu akiniuliza, husema hati ya pili ilikuwa na masharti bora.